Washari Wawili, Kuba Moja

6 Februari

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Bibi, na kwamba lile goti lako linakubali ngazi bila kunung'unika. Mimi ni mzima. Chakula kinashuka, usingizi unakuja, na dirisha la bweni letu limetiwa kioo kipya, kwa hiyo siku hizi tunaamshwa na jua badala ya upepo.

Babu, nina ombi, na nimeliogopa kwa siku nne nzima. Mwalimu wetu wa Kiswahili anataka darasa litunge kamusi yake lenyewe. Alileta mfuko wa kitambaa uliojaa vikaratasi, kila mmoja akachomoa neno lake. Sharti ni gumu: haturuhusiwi kumuuliza mtu yeyote maana. Lazima tulipate neno likitumika, mara kumi, na watu walio hai, kisha tuandike nani kasema, kamwambia nani, na uso wake ulikuwaje. "Maneno ni kama panya," alisema. "Ukiyaita hayaji. Nyamaza uone yanapopita."

Mimi nilichomoa "mshari". Darasa zima likaangua kicheko. Msichana anayelala kitanda cha juu yangu akasema, "Mungu naye ana utani! Huyu aliyeibiwa blanketi halafu yeye ndiye akaomba radhi?" Ni kweli, Babu. Nilimkuta mwizi amelala nalo, nikawa nimemwamsha.

Hapa shuleni neno hili halipiti. Wasichana wanaitana wagomvi, wabishi, wachokozi, wakorofi, lakini mshari sijalisikia hata mara moja. Mahali pekee nilipowahi kulisikia ni nyumbani, watu wakikuonyesha kidole wewe na mwashi mwenzako, yule ambaye mtaa mzima unamwita Nukta kwa ufupi wake na kwa sababu kila akimaliza kubishana hupigilia "nukta!" kama mtu anayefunga mlango. "Wale washari wawili." Nilipokuwa mdogo nilidhani ndilo jina la kazi yenu.

Je, utaona haya nikikuomba uniandikie kila neno hilo likisemwa kazini? Ukiona nimekukosea adabu, choma barua hii na tujifanye haikufika.

Msalimie Bibi sana.

Mjukuu wako

21 Februari

Mchumba wangu wa barua,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Sisi wazima. Bibi yako amenisikia nakuita mchumba, akanuna. Anasema ukija atakupa soksi zangu za kazini uzifue, ndipo ujue ndoa ni nini. Goti linanung'unika lakini linapanda.

Kuona haya, mimi? Mwenye haya hawi mwashi.

Kwanza nikueleze kazi, ili ujue maneno yanatoka wapi. Mkutubi mkuu wa mji ametupa chumba cha kusomea, cha duara, hatua kumi na mbili kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake anataka kuba la matofali. Hatuweki mbao chini yake. Katikati tumesimamisha kigingi, kwenye kigingi tumefunga kamba, na kila tofali linakaa pale kamba inapoishia. Tunaanza sehemu moja, mimi naenda kulia, Nukta kushoto, tunakutana upande wa pili. Kozi, yaani mstari mmoja wa matofali, ikifunga duara inajishika yenyewe. Isipofunga, imening'inia tu kwa udongo na kwa dua. Na hatupandi kozi nyingine kabla ya kugombana. Hiyo ndiyo desturi yetu tangu tulipofundishwa kazi tukiwa vijana. Tulifundishwa makuba, mjukuu wangu, kisha miaka arobaini tukajenga vyoo na kuta za ua, maana hakuna aliyetaka kuba. Hili ndilo la kwanza kubwa. Kwa umri wetu nadhani ni la mwisho.

Sasa andika. Jumanne, kozi ya sita, Nukta kaniambia mimi: "Wewe ni mshari tangu tumboni! Ulimpiga teke mkunga! Tofali hili limekaa kama hilo jino lako lililobaki. Nukta!" Uso wake mwekundu wa vumbi. Tulibomoa matofali manne. Jumatano nami nikamwambia: "Mshari ni wewe, nusu mtu! Kamba umeilegeza kama mkanda wa mlevi!" Uso wangu sikuuona. Tukafunga kamba upya. Ijumaa muuza matofali aliwaambia wenzake: "Wale washari wamenirudishia mia mbili," na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetafuna mchanga. Mkutubi mkuu, ambaye kila mchana huleta chakula chake akala mlangoni akitazama juu, alimwambia mgeni aliyetaka kutuamua: "Waache. Washari hawa wana ratiba." Na Bibi yako, juzi jioni: "Muache mshari mwenzio uje ule." Alikuwa anacheka.

Hizo tano. Nyingine nitakuletea. Maana sikuambii, mwalimu kakataza.

Babu yako

7 Machi

Babu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba hujambo, na udongo haujakuchubua vidole kama mwaka jana. Mimi ni mzima wa mwili, lakini moyo hauko sawa.

Nilisoma barua yako nyuma ya rafu za vitabu, mahali ninapokaa siku zote, nikalia mpaka mhifadhi vitabu akaniletea maji. Miaka arobaini mtu anakucheka jino! Na wewe unamwita nusu mtu, mzee mwenzako! Nilikwenda kwenye kamusi kubwa ya shule, ingawa hairuhusiwi, nikaona kwamba shari ni ubaya, ni balaa, kinyume cha heri. Kwa hiyo kila siku mnaambiana kwamba mmebeba balaa. Hata methali inasema heri nusu shari kuliko shari kamili, na ninyi naona mnaipika shari ikaiva kabisa.

Babu, nimefanya jambo. Nimemwandikia Nukta. Kurasa nne. Nimemwambia kwamba wewe ni mtu mzima na meno yako si kitu cha kuchekwa, na kwamba unajuta kumwita nusu mtu. Nimemwomba aje nyumbani mpeane mikono, mmalize kuba kama ndugu. Nimemwomba radhi kwa niaba yako.

Nisamehe kama nimevuka mpaka. Sijawahi kufanya kitu kikubwa namna hii maishani. Baada ya kuitumbukiza posta nilitaka kuingiza mkono niitoe, lakini tundu lilikuwa dogo.

Mjukuu wako anayekupenda

29 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, na Bibi yako hasemi neno baya juu yako tena. Hata soksi zile kazifua mwenyewe.

Nukta alikuja Jumapili. Kavaa shati jeupe. Yule mtu kwa miaka arobaini hajapiga hodi kwangu, husikika tangu kona ya barabara akinitukana, lakini safari hii aligonga mlango kwa kidole kimoja. Barua yako ilikuwa mfukoni, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imechoka.

"Fundi," akaniambia, "mjukuu wako ana kalamu. Kumbe uliumia kuhusu jino?"

Sikujua kama niliumia. Lakini mtu akikuuliza kwa upole namna ile, unaanza kujipapasa.

"Na wewe," nikamwambia, "kuhusu urefu?"

"Kidogo," akasema, akatazama viatu.

Tukapeana mikono. Bibi yako akalia, akapika kana kwamba kuna harusi. Wagombanao ndio wapatanao, akasema, na mimi nikasema amina.

Kazini sasa ni adabu tupu. "Tafadhali fundi, nipitishie mwiko." "Ahsante, fundi mwenzangu, tangulia wewe." Kozi zinapanda haraka, hatupotezi asubuhi kwa makelele. Tuko ya kumi na tano. Wale watu waliokuwa wakisimama barabarani kutusikiliza wamekwenda zao. Juzi mkutubi mkuu alikuja na chakula chake, akakaa kitambo, akauliza, "Mmefiwa?" Nikamwambia hapana mama, tumepatana. Akasema hongereni. Ila hakuondoka upesi, alibaki akitazama juu.

Sentensi nilikuwa nimekuwekea nne zaidi kabla barua yako haijafika. Nazituma humu. Ya kumi sijui utaipata wapi, maana hapa neno hilo halisemwi tena.

Babu yako

8 Aprili

Babu mpendwa,

Shikamoo, tena kwa furaha. Natumaini wote mko salama. Mimi nimekuwa nikitembea kama mtu aliyeokota lulu. Nimeisoma barua yako kwa sauti, peke yangu, kule nyuma ya rafu. "Tangulia wewe"! Sikujua kwamba kalamu inaweza kufanya hivyo.

Nilimpelekea mwalimu sentensi tisa. Nilidhani atafurahi. Amezirudisha na wino wa kijani pembeni: "Umeandika nani kaitwa na uso ulikuwaje. Hukuandika kilichotokea baadaye. Neno huacha nyayo. Zifuate." Sijaelewa vizuri anataka nini.

Likizo yetu inaanza mwishoni mwa Mei. Kuba litakuwa limefungwa? Ningependa kulala chali katikati ya sakafu nilitazame.

Mjukuu wako

17 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako mzima. Barua hii ni fupi.

Duara limekuwa yai.

Juzi tulifika kozi ya kumi na tisa, nikatoka kulia, yeye kushoto, tukakutana upande wa pili, na tofali langu na lake yamepishana vidole vitatu. Vidole vitatu! Mimi nina kasoro ya kuvuta kamba mno, upande wangu unatoka nje. Yeye ana kasoro ya kuilegeza, upande wake unaingia ndani. Tangu ujana tunajuana. Tukashusha kamba kozi kwa kozi kutafuta ilipoanzia. Ni ya kumi na mbili, Jumatatu ile ya kwanza baada ya shati jeupe.

Nilimwona akilegeza, mjukuu wangu. Siku ile ile nilimwona. Nikasema moyoni, acha, nisimuudhi, tumepatana juzi tu. Naye ameniambia aliniona nikivuta. Kozi nane tumejenga kila mtu akiona kosa la mwenzake, tukinyamaza kwa adabu.

Mkutubi mkuu amepima mwenyewe. Hakupaza sauti, ni mama mstaarabu. Alisema vitabu viko kwenye maboksi na mvua hazimsubiri mtu. Kama tarehe kumi Juni kuba halijafunga na halijanyooka, ataezeka bati. Bati, juu ya ukuta ule!

Ningeweza kubomoa na kuanza upya, muda upo bado. Ila siwezi peke yangu, na Nukta haji kazini. Nilimfuata kwake. Nilidhani atanirukia. Kaniomba radhi! Kaniambia, "Kosa ni langu, fundi, tafuta fundi mwingine," kisha akanikaribisha chai. Mshari yule, ananikaribisha chai.

Usijilaumu. Ulifanya kwa wema. Lakini sijui la kufanya.

Babu yako

22 Aprili

Babu,

Shikamoo. Sina nguvu ya kuuliza habari za goti, nisamehe, nitauliza mara mbili barua ijayo.

Barua yako ilifika saa nne, wakati wa mapumziko. Sikwenda kula. Nilizichukua barua zako zote nikazipanga sakafuni, nikafanya kile mwalimu alichosema, nikafuata nyayo. Jumanne kakwambia ni mshari tangu tumboni: baadaye mkabomoa matofali manne. Jumatano ukamwita mshari na mlevi wa kamba: mkaifunga upya. "Wale washari wamenirudishia": matofali mia mbili mabovu yakatoka. Zote za kazini, Babu. Hakuna hata moja ambayo baada yake kitu hakikunyooka. Nilikuwa nimeziandika kwa mkono wangu, tisa, na sikuziona.

Nadhani mgomvi ni yule anayegombana na mtu. Ninyi mnagombana na tofali, ila tofali halina masikio, kwa hiyo mwenzako analisikilizia. Na mimi nilikwenda kulia kwa ajili ya jino.

Sasa nisikilize, ingawa mimi ni mtoto. Usiende kwa Nukta kumtafutia makosa, atakuomba radhi tena. Na usiende kumbembeleza. Nenda ukamwambie kwamba kozi yako ya kumi na mbili iko sawa. Mwambie umeikagua na haina hata unywele. Najua ni uongo, na sijawahi kumshauri mtu mzima aseme uongo. Lakini nadhani anaweza kuvumilia kutukanwa, kusamehewa, hata kufukuzwa kazi. Hilo hataweza kulivumilia.

Ukiongeza kwamba timazi yake, ile ya kupimia wima, imechakaa, itasaidia.

Mjukuu wako mwenye kosa

6 Mei

Mke wangu mdogo, jeuri wa kalamu,

Marahaba! Goti zima, mgongo mzima, koo ndilo limekauka.

Nilikwenda kwake Alhamisi asubuhi. Kakaa sebuleni na shati lile jeupe, mikono magotini, kama mtu anayesubiri daktari. Mkewe akatuletea chai, akasimama mlangoni.

Nikamwambia, "Fundi, nimekuja kukuaga. Naendelea na kazi."

"Vizuri, fundi. Mungu akusaidie."

"Sitabomoa kitu."

Akanyanyua kikombe, akakishusha. "Hutabomoa?"

"Nibomoe nini? Nimekagua kozi yangu ya kumi na mbili. Imekaa kama maji kwenye sahani."

Mjukuu wangu, mshipa ulitokeza kwenye paji la uso wake, naujua mshipa ule kuliko ninavyojua jina langu. Lakini akameza mate. "Kama fundi unaona hivyo, ni sawa."

Nikaona mambo yanaharibika. Nikasimama, nikafika mlangoni, nikageuka. "Nadhani ni ile timazi yako tu. Imechakaa. Ndiyo iliyotuchanganya."

Kikombe kilianguka. Mkewe hakukiokota, alijiegemeza ukutani akafumba macho, akasema polepole, "Alhamdulillahi."

"Timazi yangu?" Nukta akasema. "Timazi yangu imechakaa? Wewe mvuta kamba, wewe uliyeifanya kamba ikaomba msaada! Kama maji kwenye sahani? Maji ya mafuriko! Nilikuona! Siku ile ile nilikuona, kibogoyo wa macho na mdomo!"

"Kama uliniona ulinyamazia nini, nusu mtu?"

"Nilinyamaza kwa sababu ya mjukuu wako! Mshari mkubwa we! Vaa viatu twende!"

"Nimevaa!"

"Basi ningoje nivae mimi!"

Tulitoka pale tukigombana, tukapita barabara nzima tukigombana. Watu walitoka madukani. Fundi viatu aliacha kiatu cha mteja kimetobolewa nusu akatufuata. Tulipofika kwenye jengo, nyuma yetu kulikuwa na watu kama thelathini, na mkutubi mkuu akaja mlangoni na kijiko mkononi. Aliweka chakula chake chini, akakunja mikono ya blauzi, akaanza kupokea matofali tuliyokuwa tunayashusha.

Kozi nane zimeshuka kwa siku mbili. Sasa tumepanda upya hadi ya kumi na sita, na kila moja tumeigombania kwa haki yake. Kamba inazunguka haigusi hewa. Sijui kama tutaiwahi tarehe kumi. Mawingu yanaanza kukusanyika upande wa nyuma ya mji. Njoo, ukifunga shule, usipitie popote.

Babu yako

20 Juni

Babu mpendwa,

Shikamoo. Habari za goti? Na habari za goti tena, maana nilikuwa na deni. Nimefika shuleni salama.

Nilikaa nyumbani siku kumi na mbili na Bibi anasema nilisema maneno arobaini, kwamba amewahi kufuga paka walioongea zaidi. Unanijua, mdomo wangu hufunguka nikishika kalamu. Siku ile ya kozi ya mwisho sikukuambia chochote, hata hongera. Acha niseme sasa.

Nilipoingia mlangoni na kutazama juu, nilisahau nilikuwa nimeshika nini, nikakiangusha. Ilikuwa chupa yako ya maji. Nilikuwa nimesoma barua zako mara nyingi, nikadhani nalijua kuba. Sikulijua. Sikujua kwamba matofali mengi kiasi kile yanaweza kuinamiana kama watu wanaosikiliza habari moja, na hakuna linaloanguka. Nilitafuta kitu kinachoyashikilia. Nguzo hakuna, mbao hakuna. Nilizunguka sakafu nzima nimeinua shingo na sikukiona, na kadiri nilivyokikosa ndivyo nilivyotaka kunong'ona.

Na juu kabisa, kwenye tundu la anga mliloliacha kwa ajili ya kioo, vichwa vyenu viwili. Mlikuwa mmelala kifudifudi juu ya mgongo wa kuba, kila mmoja upande wake, mnachungulia ndani. Kozi nzima ilikuwa imekaa isipokuwa tofali moja, na mawingu nyuma yenu yalikuwa meusi. Ilikuwa tarehe tisa.

"Kibogoyo, hilo lako linacheza!"

"Linacheza ngoma gani? Liguse!"

"Siligusi. Litoe."

"Mvua inakuja, wewe mtu!"

"Ije ikute kazi. Litoe, paka udongo upya!"

"Mshari!"

"Mshari ni wewe na ukoo wako! Litoe. Nukta!"

Ukalitoa, Babu. Tofali ambalo lilikuwa limekaa tayari, mvua ikinukia, ukalitoa. Watu wote chini waliacha kupumua. Nilihesabu. Nilifika kumi na saba. Ulilifuta, ukalipaka, ukalirudisha, naye akaligonga kwa mpini wa mwiko mara moja upande wake, nawe mara moja upande wako. Halafu mkashusha kamba ikazunguka duara lote, ikawa inagusa kila tofali kama kidole cha mtu anayesoma, haikuzidi wala haikupungua. Mkutubi mkuu alikaa chini kwenye sakafu na gauni lake zuri. Ndipo tone la kwanza likaanguka, likapita kwenye tundu, likatua kwenye kigingi cha katikati.

Kuna jambo jingine. Mlipokuwa mnaweka kioo juu, mkutubi aliniambia, "Sogea ukutani, weka sikio." Akaenda upande wa pili, hatua kumi na mbili, akageuzia uso ukutani. Niliona mgongo wake tu. Lakini sikioni mwangu, karibu kabisa, nilisikia: "Karibu usome." Niliruka. Alisema hutokea pale tu duara linaposema kweli. Likidanganya kidogo, sauti hupotea njiani. Kwa hiyo kuta zenu zinaongea, Babu. Sauti inatembea juu ya matofali yako, inapokewa na ya Nukta, inafika nzima.

Baadaye alikwenda kupokea watu, mimi nikabaki na sikio langu ukutani kwa sababu sikutaka kuondoka. Wewe ulikuwa nje unaosha miguu. Nukta akaingia peke yake. Hakuniona. Akaenda upande wa pili, akaweka kiganja kwenye matofali yale uliyoyapanga wewe, uso karibu na ukuta, akasema maneno machache. Hakunisemesha mimi, lakini yalizunguka ukuta mzima yakanifikia. Sikuwahi kujua kwamba ana sauti ile.

Sentensi yangu ya kumi nimeipata hapo. Mwalimu aliisoma, akavua miwani, akaniuliza uso wa msemaji ulikuwaje. Nikamwambia sikuuona, alikuwa ameugeuzia ukutani.

Mjukuu wako

1 Julai

Mchumba wangu wa barua,

Marahaba mbili, na goti linashukuru mara mbili. Chupa nimeiokota. Bibi yako anakusalimu, paka wake pia.

Vitabu vimeingia. Watu wanakuja, wanakaa, wanatazama juu, wanasahau kusoma. Jana nilimkuta fundi viatu ameegemeza sikio ukutani, mkewe upande wa pili anamkumbusha habari za sabuni.

Tumepata kazi nyingine! Hospitali inataka ukumbi wa wagonjwa kusubiri, na wamelitazama kuba letu wakataka la namna hiyo. Mimi nasema hatua kumi na sita zinatosha. Nukta anasema kumi na nane, na kwamba mtu anayeogopa kumi na nane akapige lipu mabanda ya kuku. Tumeanza vizuri.

Sasa nijibu. Alisema nini yule nusu mtu pale ukutani? Nimemuuliza mwenyewe, akasema alikuwa analiambia tofali langu lijirekebishe. Nilikaribia kumwamini, ila aliangalia pembeni.

Sikiliza, mjukuu wangu. Kama alinitukana, niandikie neno kwa neno, nimjibu. Kama alinisifu, basi usiniambie, limeze kabisa. Kazi inaanza Jumatatu.

Babu yako

9 Julai

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta wewe na Bibi mkiwa na afya tele, na kwamba msingi wa ukumbi mpya umeanza kuchimbwa. Mimi ni mzima sana.

Huku hakuna makubwa. Mtihani wa hesabu ulikuwa mgumu, nadhani nimekosa swali la tatu na la nane. Mpishi alizidisha chumvi Jumatano, tukanywa maji mpaka yakaisha. Msichana wa kitanda cha juu ameng'olewa jino na sasa anaongea kwa mluzi. Nasoma kitabu kizuri ambacho ukurasa wake wa mwisho umechanwa, na nimekubaliana na jambo hilo. Kamusi ya darasa imekwenda kushonwa na itakuwa na jalada gumu.

Kuhusu ukumbi, mimi naona Nukta ana haki. Hatua kumi na nane. Usimwambie nimesema.

Ukurasa umebaki nusu, nauacha hivyo.

Mjukuu wako